Mlango wa Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa Tunduma, na kwetu nyumba zilikuwa za mviringo. Ukiingia umeingia, ukitoka umetoka, na kila kilichomo unakiona ukiwa bado mlangoni. Kwa hiyo nilipoletwa bibi harusi kwenye milima ya Ileje, nikaingizwa katika nyumba ya mawe ya baba mkwe wangu, nilipotea humo ndani. Sisemi kwa mafumbo. Wifi zangu walinituma kibuyu. Nikafungua mlango nikakuta chumba, nikafungua mwingine nikakuta chumba tena, nikageuka kurudi mbele nikatokea uani nyuma, kwenye migomba. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilinuna, maana sikuona cha kuchekesha.

Nyumba hiyo mzee aliijenga kwa mikono yake. Ujana wake aliumalizia misheni, akiwajengea Wazungu kanisa na makazi yao, na alipochoka kuwajengea wengine akarudi kwake akajijengea. Mawe yalitoka mtoni, akina mama wakiyapandisha mlimani kichwani. Ya kona aliyachonga kwa patasi mpaka yakakaa pembe. Ya katikati aliyaacha yalivyoumbwa, akayapanga kubwa kwa dogo, akayashika kwa udongo wa kichuguu uliokanyagwa kwa miguu. Ukuta ulikuwa mnene hata mtoto mchanga aliweza kulazwa dirishani akalala bila kuanguka. Najua kwa sababu nilimlaza wangu. Juu ya kila mlango na dirisha kulilala gogo la mti mgumu, la kubeba mawe ya juu. Paa lilikuwa la nyasi juu ya mianzi, bila dari.

Ndani kulikuwa na korido, kitu nilichokuwa sijawahi kukiona. Ilianzia mlango wa mbele, unaotazama bonde, ikanyooka mpaka mlango wa nyuma, unaotazama jiko. Vyumba viwili kulia, viwili kushoto, na vile viwili vya kila upande vilipitana kwa mlango wa ndani. Katika chumba cha mbele cha kulia mzee alijenga mahali pa kuwashia moto ndani ya ukuta wa nje, na dohani ya mawe ikapanda mpaka juu ya paa kutoa moshi, kama alivyoona kwa Wazungu. Mlima mzima hapakuwa na mwingine mwenye dohani. Ile baridi ya Ileje, ukungu unapoingia mpaka kitandani, chumba kile kilikuwa na joto asubuhi na jioni.

Na aliyekijenga hakulala humo. Alilala kwenye kibanda cha nyasi nyuma ya migomba, na sababu ilikuwa mimi.

Kwa Wandali, watu wa milima ile, enzi hizo, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, la. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mkamwana akisikia mkwe anakuja, anaacha njia, anachuchumaa majanini, anajifunika nguo usoni mpaka mtu apite. Hawasemezani. Na juu ya yote, hawakai chini ya paa moja. Kwa kawaida jambo hilo halileti shida, maana kijana akioa anajenga kwake, mbali na kwa baba yake. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa machimbo ya shaba, ng'ambo ya mpaka, na likizo yake iliisha kabla hajakata hata mti mmoja wa kujengea. Huko alikuwa ameona nyumba za matofali, akaona aibu mke wake wa ndoa ya kanisani kulala kwenye nyasi. Akamwomba baba yake nikae nyumba ya mawe, kwa muda tu. Mzee akasema sawa. Akachukua kitanda chake, koti lake na vifaa vyake vya uashi, akahama siku ileile. Mama mkwe akamfuata. Mume wangu akarudi machimboni, na mimi nikabaki peke yangu na vyumba vinne. Hakuna aliyeniuliza.

Jamani, kichwa kilinizunguka. Nyumba ilikuwa ya nani? Nikifagia korido, namfagilia nani? Jirani akija kunisalimia alisifia, eti una nyumba nzuri, na mimi sikujua nijibu ahsante au niombe radhi. Usiku nilisikia mvua ikipiga nyasi za paa langu, nikajua inapiga na zile za kibanda kule, ambazo zilikuwa chache kuliko zangu. Nilikuwa mgeni niliyemfukuza mwenyeji, halafu mwenyeji ndiye anayeniletea kuni. Aliziacha kwenye jiwe la nyuma kabla sijaamka. Sikumwona hata siku moja.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mzee akikaribia nyumba alikohoa, mara moja, kikohozi cha makusudi, na mimi nikaingia ndani nikafunga. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, alikaa mbele kabisa, na mimi nikakaa nyuma ya nguzo na kitambaa kimenishuka mpaka kwenye pua. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa huko, aliniita siku moja akaniambia Wakristo hawafanyi mambo hayo, nimsalimie mkwe wangu kwa mkono kama binadamu. Nikamwambia aanze na mzee. Akaenda. Mama mkwe alinisimulia kwamba mzee alimsikiliza mchungaji vizuri sana, akamkaribisha ndizi, akamsindikiza mpaka njia panda, na kesho yake akakohoa kama kawaida.

Kisha akaanza kukohoa kweli.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa moja kwa moja. Ilikuwa mwanzo wa miezi ya baridi, na mimi nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Kifua kilimshika mzee, na kikohozi kilitoka kule kibandani asubuhi, mchana na jioni. Mimi kila nikikisikia nakimbia. Nimeshika chungu, nakimbia. Nanyonyesha, nainuka na mtoto kifuani, nafunga mlango, nasimama nyuma yake nikisubiri apite, na hapiti mtu, kwa sababu mtu mwenyewe yuko kitandani kwake anatapatapa. Nilikuwa namkimbia mgonjwa asiyeweza hata kusimama. Nikaona upuuzi, nikaacha kukimbia. Siku hiyohiyo akaja kweli, akiburuta miguu, nusura tugongane kwenye kona ya nyumba. Nilijitupa chini na nguo usoni. Nikamsikia anapumua pale juu yangu, kisha akageuka, akarudi polepole.

Nilimwambia mama mkwe wazi. "Mama, baba atakufa kwenye nyasi zile, na joto liko huku. Mimi nihamie kibandani na mtoto, ninyi mrudi ndani."

Aliondoka na neno hilo, akarudi na jibu. "Baba yako anasema mtoto mchanga halali kwenye baridi. Anasema asilisikie tena neno hilo."

"Basi niende kwetu Tunduma mpaka baridi ipite."

"Ukienda kwenu na mtoto, mume hayupo, watu watasema ndoa imekufa. Watasema tumekufukuza ili turudi kwenye nyumba. Na yeye hatarudi. Namjua."

Nikakasirika, sifichi. Nilimkasirikia mzee kwa ukaidi wake, nikamkasirikia mume wangu kwa aibu yake ya kijinga, nikayakasirikia na mawe. Nikabaki humo ndani ya joto, mtoto ananawiri, na kila kikohozi kinanipasua. Nilijua kabisa kwamba tukikaa hivi mpaka ukungu wa katikati ya baridi, tutamzika.

Wazo lilitoka kwa mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, kijana aliyekuwa ameanza kujifunza uashi kwa baba yake. Alisema paa moja si lazima liwe nyumba moja. Tukiigawa kwa ukuta wa mawe kutoka chini mpaka juu, zitakuwa nyumba mbili zilizogusana migongo, na hakuna heshima itakayovunjika. Upande wa kulia, wenye dohani, uwe wa wazee. Upande wa kushoto uwe wangu. Wazee wa ukoo walikaa kwenye jambo hilo, wakabishana kuhusu nyasi za juu, kwamba nyasi ni zilezile. Mwisho wakasema haya, ukuta ukiwa wa mawe, na yawe mawe ya kweli, siyo matete.

Mzee alikubali. Mama mkwe alisema alikubali haraka mpaka akamshangaza, na hapo nikajua alivyokuwa anaumwa.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, watu wazima wenye akili. Mzee hakuweza kuingia kusimamia kazi kwa sababu mimi na kichanga tulikuwa ndani. Kwa hiyo shemeji aliamua mwenyewe. Akaona kujenga ukuta mpya katika korido ni mawe mengi na siku nyingi, na baridi haingoji. Vyumba vya kulia vilikuwa na milango miwili tu inayofungukia kwenye korido. Akasema tuizibe hiyo miwili, basi, tumemaliza. Mimi nikamsifu. Nilibeba mawe, nikakanyaga udongo, mtoto mgongoni. Mama mkwe alipitisha udongo, wifi zangu walileta maji. Mlango wa kwanza tukauziba mpaka kwenye gogo la juu. Wa pili tukaufikisha kifuani, shemeji akaruka akatoka ili amalizie kutoka upande wa korido. Tulifurahi. Nilijipaka udongo mpaka masikioni na nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu niolewe.

Mzee akapelekewa habari kwamba kazi imekaribia kwisha. Nikajifungia chumba cha kushoto nyuma, naye akaja kukagua kwa nje. Nilimsikia akizunguka nyumba, fimbo yake ikigonga mawe ya msingi. Akazunguka mara moja. Akazunguka tena. Fimbo ikasimama.

Kisha nikasikia sauti yake, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia vizuri bila kikohozi. "Na mimi nitaingilia dohani?"

Hapo ndipo tulipoona. Mlango wa mbele ulifungukia kwenye korido. Mlango wa nyuma ulifungukia kwenye korido. Korido ilikuwa upande wangu. Tulikuwa tumemjengea mzee nyumba isiyo na mlango. Sote tuliwaza kutenganisha, hakuna hata mmoja aliyewaza mtu ataingiaje. Mzee alicheka huko nje mpaka kifua kikamkaba, akashindwa kuvuta pumzi, na mama mkwe akakimbia kumshika. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na mikono kichwani. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili.

Ilibidi ukuta wa nje utobolewe. Na hapo shemeji alikataa katakata, maana yale mawe yalibebana. Ukitoa lisilo lake, ubavu wa nyumba unashuka na paa lote. Akasema mwenye kuyajua ni aliyeyapanga. Kwa hiyo mgonjwa alikuja mwenyewe, akiwa amejifunga blanketi, akakaa kwenye kigoda nje ya chumba cha nyuma cha kulia, chini ya kidirisha kilichofungwa kwa ubao. Kidirisha hicho tayari kilikuwa na gogo juu yake, na akasema mlango utashuka kutoka hapo, na usizidi upana wake. Aligonga jiwe kwa kinyundo, akasikiliza, akamwonyesha shemeji. Shemeji akatia mtaimbo. Jiwe likaangukia ndani.

Tatizo, yaliyoanguka ndani yalijazana na kuyazuia mengine. Mtu alihitajika ndani ayavute. Mama mkwe alipanda akapita juu ya ule mlango uliozibwa nusu, akaanza, na haikuchukua muda jiwe likamwangukia mguuni. Akatoka anachechemea. Wifi zangu walikuwa wameshaenda kwao. Shemeji alikuwa nje na mtaimbo. Alibaki nani? Nikampa mama mkwe mtoto, nikafunga kanga kiunoni, nikaparamia ukuta nikaingia.

Tulifanya kazi hivyo, mzee nje na mimi ndani. Nilisikia kinyundo kikigonga, tik, tik, kikisogea upande, kikirudi. Kilipotulia nilijua jiwe limepatikana. Mtaimbo ukauma, udongo ukamwagika, nikalipokea jiwe kwa mikono yote miwili, nikaliburuta pembeni. Mengine yalikuwa mazito mpaka nikaona nyota. Yeye hakusema na mimi sikusema. Mama mkwe alisimama huku koridoni na mtoto, akichungulia juu ya ukuta, kazi yake ikiwa kunionya. Tabaka la ndani lilikuwa limeshatoka, na sasa tulikuwa kwenye la nje. Mara mwanga ukapenya chini ya mkono wangu, mwembamba, wa jua la saa tisa. Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Toka, mwanangu." Nikakimbia, nikaparamia, nikachubuka goti, nikaangukia upande wangu, na nyuma yangu ukuta ukafunguka.

Nikamsikia mzee anauliza, "Nani alikuwa ndani?"

Mama mkwe akajibu kwamba hakukuwa na mtu.

Mzee akaweka kinyundo chini. "Basi huyo hakuna-mtu ana nguvu," akasema.

Shemeji akamalizia kuziba ule mlango wa koridoni, na jioni ile wazee wakahamia. Dohani ikatoa moshi. Kupitia nyasi za juu, ambako ukuta uliishia, nilisikia mzee akiweka kiti, akivuta kitanda, akihema. Alikuwa amerudi kwake, na mimi sikuwa nimefukuzwa. Kikohozi kilipungua kabla baridi haijaisha. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Tukaishi hivyo miaka. Mume wangu alikuja likizo akaondoka, akaja tena, nyumba yake mwenyewe akiijenga kwa maneno tu. Moto ulikuwa upande wao, na kwangu baridi iliingia, kwa sababu mawe yakishapoa hayana huruma. Niliwasha mkaa kwenye chungu na kumfunika mtoto blanketi mbili. Sikulalamika. Sauti zilipita juu bila shida, na hapo nikachanganyikiwa upya, maana kumsikia mtu anaota si sawa na kutokumjua. Nilijua anapiga chafya ngapi akiamka. Nilijua anaomba nini usiku. Hatukusemezana, lakini binti yangu alikuwepo, na tulizungumza na yeye. "Mwanangu, mwambie babu uji uko mlangoni kwake," nilimwambia mtoto aliyekuwa hajaota meno. Na kutoka ng'ambo: "Mjukuu wangu, mwambie mama yako uji wa leo una chumvi." Mtoto ananitazama tu. Nikasema, "Mwambie babu atazoea." Nikamsikia anacheka.

Mwaka kifua kiliporudi, hakikupungua. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Siku moja mama mkwe alikwenda shambani na binti yangu, shemeji alikuwa kwake, na nyumba ilikuwa na sisi wawili tu, kila mmoja upande wake. Nilikuwa nachambua maharage. Nikamsikia anasema, "Maji."

Nikangoja mtu amjibu. Hakuna mtu wa kumjibu.

"Maji," akasema tena, na safari hii ilikuwa kama hakutegemea lolote.

Nilisimama na kikombe mkononi nisijue miguu iende wapi. Nikimpelekea, namvunjia heshima aliyoilinda mpaka karibu kufa kwa baridi. Nisipompelekea, namwacha mzee wangu na kiu hatua chache kutoka mtungini. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya hapo. Nilizunguka nyumba kwa nje, nikafika kwenye mlango ule, nikabisha kwenye gogo la juu. Nikasikia kitanda kinalia. Nilipoingia, macho chini, alikuwa amejivutia blanketi mpaka juu ya kichwa, na mkono mmoja ameutoa nje, kiganja kimefunguka. Nikaweka kikombe. Mkono ukarudi chini ya blanketi, nikasikia anakunywa, taratibu, kikombe kizima. Kikatoka kikiwa kitupu.

Niligeuka kuondoka. Ndipo aliposema nami, mimi mwenyewe, bila mtoto katikati.

"Kuna baridi upande wenu?"

Nilikuwa na soksi za mume wangu miguuni na mashuka mawili mabegani. "Hapana, baba," nikasema. "Tuna joto."

"Vizuri," akasema chini ya blanketi.

Alikufa kabla ya mavuno, kwenye chumba cha dohani. Mkamwana haangalii maiti ya mkwe, kwa hiyo nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba, nikalia mpaka wifi zangu wakanitazama vibaya, kama nimewaibia msiba wao. Mmoja akanong'ona, analilia nini mtu ambaye hata sura yake haijui. Alisema kweli.

Mtoto niliyekuwa nimembeba alizaliwa wa kiume. Alipoanza kutembea, wazee walimshika kidevu, wakamgeuza huku na huku, wakasema huyu ni babu yake mtupu, pua ni ile, macho ni yale, hata anavyonuna. Mimi hukubali kwa kichwa. Wakishaondoka humwita mtoto aje karibu, nikamtazama kwa muda mrefu.